Shajara ya mradi: protini A inakata nini?

3 Februari

Msimamizi wangu amenikabidhi mfuatano wa asidi amino 465 usio na jina, pamoja na mirija midogo mitatu iliyoandikwa A, B na C. Mfuatano ni wa protini iliyo katika mmoja wa mirija hiyo, upi, hakusema. Zote tatu ni protini za binadamu zilizozalishwa ndani ya hamira na kusafishwa, na zote ni za ukoo wa vimeng'enya vinavyosaga mafuta. Natakiwa nieleze mfuatano huu ni wa mrija upi, na kimeng'enya chenyewe kinafanya kazi gani mwilini.

Jina limepatikana leo leo. Niliuweka mfuatano kwenye BLAST, programu inayotafuta mifuatano inayofanana, na jibu la kwanza likawa lipasi ya kongosho ya binadamu, jeni PNLIP, kumbukumbu P16233 ya UniProt, hifadhi ya mifuatano ya protini, zinafanana herufi kwa herufi. Nilipompelekea msimamizi akauliza swali moja: aliyeandika jina hilo kwenye hifadhi alijuaje? Nimeliandika swali hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kila jaribio nitakalofanya lazima lijibu sehemu yake.

5 Februari

Nimeusoma mfuatano kwa macho, bila programu, nikiwa na penseli. Asidi amino 16 za mwanzo ni kipande cha utambulisho kinachoipeleka protini nje ya seli. Hukatwa, na protini iliyokomaa hubaki na 449. Hapa mtu asome kwa makini, maana waandishi wengine huhesabu kuanzia mwanzo wa mfuatano mzima na wengine kuanzia baada ya kipande hicho, na asidi amino ileile hupewa namba tofauti. Mimi nafuata hesabu ya watafiti waliochora umbo lake.

Katikati kuna herufi tano ninazozitafuta: GHSLG, yaani glisini, histidini, serini, lusini, glisini. Serini hiyo, namba 152, ndiyo inayoshambulia kifungo cha mafuta. Inashirikiana na asidi aspatiki 176 na histidini 263. Utatu wa namna hii upo pia kwenye kimotripsini, kimeng'enya kinachokata protini, ila huko mpangilio ni mwingine: histidini hutangulia, ikifuatiwa na asidi aspatiki, na serini huja mwisho. Kwa hiyo vimeng'enya hivi viwili si ndugu. Kila kimoja kiliifikia mbinu ileile kwa njia yake, na kila nikilifikiria jambo hili nastaajabu upya.

Kuna pia sisteini mbili, namba 237 na 261, zilizofungamana kwa salfa. Kati yao pana kitanzi. Nimekipigia mstari, nitakirudia.

6 Februari

Leo furaha ya juzi imepungua, kwa sababu nzuri. Nimeulinganisha mfuatano na wa ndugu zake wawili, PNLIPRP1 na PNLIPRP2, waliotangazwa mwaka 1992 na Giller na wenzake waliokuwa wakichunguza jeni zinazosomwa katika kongosho ya binadamu. Wote wawili wanafanana na lipasi yangu kwa karibu thuluthi mbili ya asidi amino. Wote wana serini yao, asidi aspatiki yao, histidini yao, na wote wana kitanzi. Ni ndugu watatu wenye sura moja, na ukiwapanga mstari mmoja huwezi kusema nani ana kazi gani.

Hata hivyo maandishi yanasema PNLIPRP1 haikati mafuta yoyote ambayo watu wamejaribu kuipa. Mashine ya kukatia ipo kamili, lakini haifanyi kazi. Mwaka 1998 watafiti walibadilisha asidi amino mbili tu kati ya mamia, wakaweka zile zilizomo kwenye lipasi ya kawaida, na kimeng'enya kikaamka.

Basi ningekuwa na mfuatano wa PNLIPRP1 mkononi, nikatazama ule utatu na kuandika "husaga mafuta", ningeandika uongo kwa ushahidi unaoonekana safi kabisa. Kufanana kwa mfuatano kunaonyesha ukoo. Kazi itabidi ionekane kwenye mrija.

10 Februari

Kabla ya kushika pipeti nilitaka kujua ilijulikanaje kwamba kongosho inahusika na mafuta. Jibu liko Paris, miaka ya 1840, kwa Claude Bernard.

Bernard alikuwa akichunguza sungura waliolishwa mafuta. Kwa sungura, mrija wa nyongo humwaga karibu na mwanzo wa utumbo, lakini mrija wa kongosho humwaga mbali zaidi kule chini. Alipowapasua aliona kwamba mishipa ya limfu inayotoka kwenye utumbo ilikuwa na maji meupe kama maziwa, dalili ya mafuta yaliyonyonywa, ila weupe huo ulionekana tu kuanzia pale kongosho inapomwaga majimaji yake. Sehemu iliyopata nyongo peke yake mishipa yake ilikuwa angavu. Mnyama mwenyewe alikuwa ameshatenganisha nyongo na kongosho, na Bernard alikuwa na macho ya kuona. Baadaye alichanganya majimaji ya kongosho na mafuta, akaona mafuta yanavurugika kuwa matone madogo na kuachia asidi.

Nimeandika habari hii kwa urefu kwa sababu ndiyo mfano ninaotaka kuufuata: kuwa na mafuta mahali penye kitu kimoja, na mafuta mahali pasipo nacho, kisha kutazama.

12 Februari

Umbo. Nimefungua faili mbili kutoka hifadhi ya maumbo ya protini: 1N8S na 1LPA. Zote ni lipasi ya kongosho ya binadamu ikiwa pamoja na kolipasi, protini ndogo ya uzito wa kilodaltoni kama 10. Kolipasi iliyotumika kwenye fuwele hizo ni ya nguruwe, na inakaa kwenye lipasi ya binadamu bila shida. Hilo limenipa moyo, maana kolipasi tuliyonayo kwenye friza ni ya nguruwe pia.

Katika 1N8S kile kitanzi cha kati ya 237 na 261 kimelala juu ya serini 152 na kuifunika. Hakuna molekuli ya mafuta inayoweza kuifikia. Umbo la kwanza kabisa la lipasi hii, lililotolewa na Winkler na wenzake mwaka 1990, lilionyesha hivyohivyo, kimeng'enya kilichofungwa. Katika 1LPA, ambapo fuwele ilitengenezwa pamoja na chumvi za nyongo na fosfolipidi, kifuniko kimenyanyuka, kimesogea pembeni na kuegemea kolipasi. Serini iko wazi, na kuizunguka pana uwanja mpana unaopenda mafuta.

Nimekaa nikigeuza maumbo haya mawili hadi jengo likafungwa. Yananipa utabiri ninaoweza kuupima: kimeng'enya hiki kitakuwa kivivu majini, na kitaamka pale tu kitakapokutana na uso wa tone la mafuta. Utabiri wa pili: kukiwa na nyongo, kitahitaji kolipasi.

17 Februari

Jaribio la kwanza, la rangi. Kiini chake ni nitrofenili butireti, kemikali inayoachia rangi ya manjano ikikatwa. Spektrofotomita inasoma kwenye nanomita 405.

A imetoa manjano. C imetoa manjano. B haikutoa kitu, hata nilipoiacha hadi jioni. Esterasi ya ini la nguruwe, kimeng'enya kinachokata vifungo vya esta kwa jumla, niliyoiweka kama kipimo cha kulinganishia, imetoa manjano kwa kasi kuliko zote.

Mwenzangu wa meza ya pili alishangilia A na C. Mimi sikushangilia, na nimemweleza kwa nini: esterasi ya ini si kimeng'enya cha kusaga mafuta ya chakula, na bado imezishinda. Manjano yanasema kuna kitu kinachokata kifungo cha esta, aina ya kifungo kilichomo pia kwenye mafuta. Hayasemi kwamba kitu hicho kinajua mafuta ni nini.

19 Februari

Umeme haukuwapo mchana kutwa. Mirija ipo kwenye barafu, salama. Nimetengeneza bafa na kukokotoa.

20 Februari

Siku niliyokuwa nikiingoja.

Mwaka 1958 Sarda na Desnuelle, Ufaransa, walionyesha jambo ambalo kwa muda mrefu lilitumika kutofautisha lipasi na esterasi ya kawaida. Waliipa lipasi ya kongosho esta kidogo kidogo. Esta ilipokuwa bado imeyeyuka majini yote, kimeng'enya hakikufanya karibu lolote. Ilipozidi kiwango cha kuyeyuka na matone yakaanza kujitokeza, kasi ikaruka ghafla. Esterasi haikuhitaji matone. Ilipanda polepole tangu mwanzo, na matone yalipotokea haikuongeza kitu.

Nimerudia kwa tripropionini, mafuta yenye asidi fupi, ambayo kiasi chake huyeyuka majini kabla matone hayajaonekana. Kila asidi inapoachiwa pH hushuka, nami nairudisha kwa magadi ya sodiamu hidroksidi kutoka kwenye bureti. Kiasi cha magadi kwa dakika ndicho kasi ya kimeng'enya. Mkono mmoja kwenye bureti, jicho kwenye mita ya pH, nyuzi joto 37.

Esterasi ilipanda na kutulia, mchoro uleule wa vitabuni. A ilikaa chini, chini, chini, hadi maji yalipoanza kuwa na ukungu wa matone. Hapo bureti ilianza kushuka kiasi cha mimi kushindwa kuandika na kumwaga kwa wakati mmoja, nikamwita mwenzangu asome namba. Tumerudia kwa maji mapya na bafa mpya. Yaleyale.

Kile kitanzi nilichokipigia mstari kwenye karatasi, leo nimeona kazi yake kwenye bureti. C sikuipima kwa njia hii kwa sababu imebaki kidogo, nami naitunzia jaribio jingine. B imekaa kimya hapa pia.

24 Februari

Nyongo. Watu wengi, hata wanafunzi wa baiolojia, husema nyongo inasaidia lipasi, na wanaishia hapo. Kwa kiasi ni kweli, kwa sababu inavunja mafuta kuwa matone madogo na baadaye inayabeba mazao. Lakini chumvi za nyongo hujipanga juu ya uso wa tone na kuujaza, na lipasi ikija haipati pa kutua. Peke yake nyongo huizuia lipasi ya kongosho. Hiyo ndiyo sababu mwili unatengeneza kolipasi.

Nimetumia tributirini, mafuta mengine yenye asidi fupi, safari hii mafuta mengi yakiwa kwenye matone, na chumvi ya nyongo aina ya sodiamu taurodioksikoleti kwa milimola 4 kwa lita.

A bila nyongo: kasi nzuri. A pamoja na nyongo: bureti imesimama. Nimeongeza kolipasi kidogo kwenye chombo hichohicho, sikugusa kingine, na kasi ikarudi ndani ya muda mfupi.

C pamoja na nyongo: inakata tributirini polepole, na kolipasi haikuleta tofauti kama ile ya A. B: hakuna, iwe na kolipasi au isiwe nayo.

Kwangu jaribio hili lina uzito kuliko yote hadi sasa. Hali ya utumbo mdogo wa binadamu ni hii hasa: mafuta, nyongo, pH karibu na ya maji au juu kidogo, kolipasi ipo. Kimeng'enya kinachokata mafuta kwenye chombo kisicho na nyongo hakijathibitisha kwamba kinaweza kukata chochote baada ya mtu kula. A imethibitisha.

26 Februari

Sasa inakata wapi? Triglisaridi ina asidi tatu za mafuta kwenye mgongo wa gliseroli: mbili za pembeni, moja ya katikati.

Nimetengeneza emulsheni ya mafuta ya zeituni kwa gamu arabi, ile gundi ya mgunga inayovunwa pia kaskazini mwa Kenya, nikaipa A pamoja na nyongo na kolipasi. Nimechota sampuli kila baada ya muda na kuzipandisha kwenye kromatografia ya tabaka jembamba, njia inayotenganisha kemikali kuwa madoa juu ya bamba. Bamba nimelipitisha kwanza kwenye asidi ya boriki. Usipofanya hivyo asidi ya mafuta ya katikati huhamia pembeni yenyewe, na bamba linakudanganya.

Mvuke wa aidini umeonyesha madoa haya: triglisaridi inafifia, diglisaridi inatokea kisha inapungua, asidi huru za mafuta zinaongezeka, na mwishoni linabaki doa la monoglisaridi yenye asidi ya katikati. Doa la monoglisaridi ya pembeni ni hafifu mno. A inakata pembeni zote mbili na kuiacha ya katikati.

Hapa ndipo Bernard anapokutana na bamba langu. Monoglisaridi hiyo na asidi huru ndizo zinazoingia kwenye seli za utumbo. Ndani ya seli huunganishwa upya kuwa triglisaridi, hufungashwa kwenye kilomikroni, vifurushi vidogo vya mafuta, na hupelekwa kwenye limfu. Weupe aliouona kwenye mishipa ya sungura ulikuwa huu.

3 Machi

Orlistati, dawa inayouzwa maduka ya dawa kwa wanaotaka kupunguza uzito. Ilitokana na lipstatini, kemikali ya bakteria Streptomyces toxytricini. Hujifunga kwenye serini ya lipasi na kuikalia. Nimeichanganya na A kabla ya kuipa mafuta: kasi imekufa.

Naandika jaribio hili kwa ufupi makusudi. Linathibitisha kwamba A inatumia serini, basi. Orlistati inaifunga lipasi ya tumbo pia, ile inayoanza kazi kabla chakula hakijafika kwenye utumbo mdogo. Kwa hiyo haiwezi kunitambulisha A ni nani.

6 Machi

Zamu ya C. Katika kromatografia ya zeituni ilikuwa dhaifu, na sikutaka kuiandika "lipasi mbovu" kabla ya kuipa kitu kingine.

Mwaka 2004 Sias na wenzake walionyesha kwamba PNLIPRP2 ya binadamu hukata galaktolipidi. Haya ni mafuta ya majani. Utando wa ndani wa kloroplasti, pale mmea unaponasia mwanga, una galaktolipidi nyingi kuliko mafuta ya aina nyingine, na kila anayekula mchicha, kisamvu au matembele anayala. Vitabu vyetu vya lishe husema mboga za majani hazina mafuta, wakimaanisha hazina triglisaridi nyingi. Mafuta yamo, ila ya aina nyingine.

Nimenunua fungu la mchicha sokoni, nikatoa lipidi kwa klorofomu na methanoli ndani ya kabati la moshi. Madoa mawili ya galaktolipidi yalionekana wazi. Nilipoweka C, madoa yalififia na asidi huru ikatokea. Nilipoweka A, madoa yalibaki kama yalivyokuwa kwa kadiri ninavyoweza kuona. B haikufanya kitu.

Mwenzangu aliniuliza kwa nini mwili utunze kimeng'enya kwa ajili ya majani. Nimemwonyesha sahani zetu za mchana.

10 Machi

Nimeandika jibu kwa msimamizi, na nalinakili hapa kwa sababu nitalitetea kwenye kikao.

Mfuatano ni wa A. Kwanza, A huamka kwenye uso wa matone. Kwa hiyo ni lipasi, si esterasi. Pili, nyongo huizuia na kolipasi huirudisha, tabia ya lipasi ya kongosho ya kawaida, na mfuatano una kipande cha mwisho, kuanzia asidi amino 337 hadi 449, ambacho kwenye fuwele ndicho kinachoshika kolipasi. Tatu, hukata pembeni mbili za triglisaridi na kuacha monoglisaridi ya katikati. Nne, haigusi galaktolipidi, tofauti na C. Kazi yake kwa binadamu: kukata triglisaridi za chakula ndani ya utumbo mdogo, mbele ya nyongo, ikishikiliwa na kolipasi.

Ushahidi wa mwisho si wangu. Mwaka 2014 iliripotiwa familia yenye ndugu wawili waliozaliwa na badiliko moja kwenye PNLIP, treonini 221, kwa hesabu ya mfuatano mzima, ikiwa imegeuka methionini. Mafuta ya chakula yalikuwa yanapita bila kusagwa na kutoka na choo. Jeni zao nyingine za ukoo huu wa lipasi hazikuziba pengo. Mrija unaweza kuonyesha kimeng'enya kinaweza nini. Watu hawa wawili walionyesha kinahitajika kwa nini. Wagonjwa wa kongosho sugu, na watoto wenye ugonjwa wa sistiki faibrosisi ambao mirija yao ya kongosho imeziba, hukosa kimeng'enya hikihiki na hutibiwa kwa vidonge vya vimeng'enya vya kongosho ya nguruwe. Ndiyo maana sikubali jina linakiliwe kutoka mfuatano mmoja hadi mwingine bila kuuliza.

13 Machi

Msimamizi amekubali A na C. Kwa B nilikuwa nimeandika PNLIPRP1 kwa njia ya kuondoa, kwa sababu ndiyo iliyobaki. Amerudisha ukurasa huo: kutokufanya kitu kwenye majaribio yangu kunaweza pia kumaanisha protini iliharibika safarini.

Amesema kweli. Leo nimeipitisha B kwenye jeli, na mstari uko mmoja, safi, mahali unapotakiwa kuwa, karibu na A. Hiyo inaonyesha haijakatikakatika. Haionyeshi kama imekunjika vizuri. Nimeagiza ipimwe kwa mwanga wa poleraisi, kwenye idara ya jirani.

Panya walioondolewa jeni ya PNLIPRP1 walinenepa kuliko wenzao. Ikiwa kimeng'enya hakikati kitu, kwa nini kukikosa kumnenepeshe panya? Dhana moja ni kwamba B inaishika kolipasi na kuinyima lipasi ya kawaida, kwa hiyo mafuta husagwa polepole zaidi. Hilo naweza kulipima kwa vitu nilivyonavyo: A, nyongo, kolipasi kidogo isiyotosha, kisha B nikiiongeza hatua kwa hatua. Kama B inagombania kolipasi, kasi ya A itashuka. Na nikiongeza kolipasi nyingi, itarudi. Kama haishuki, dhana hiyo kwa B hii imekwisha.

Kolipasi iliyobaki inatosha mizunguko michache. Naanza Jumatatu, na C inapata nafasi yake kwenye mchoro uleule kama kipimo cha pembeni.